Mama Régine anajibu: Kumi na moja kati ya kumi na mbili

*Jambo Mama Régine. Niko manseba, dereva wa pikipiki ya kubeba abiria, nina miaka 27, niko na bibi na watoto wawili, tunapanga Katuba, hapa Lubumbashi. Pikipiki ni ya patroni. Kila jioni ninamtolea franka 15 000, inayobaki ni yangu. Miaka mitatu iliyopita rafiki wa parkingi alinionyesha pari ya mpira, kamari ya kubashiri mechi. Mara ya pili tu nikala franka 86 000 kwa tiketi ya 1 000. Siku ile nilinunua kuku wawili, bibi akaimba jikoni. Tangu hapo sijapata tena kama ile, lakini sitoki. Juzi niliweka mechi kumi na mbili kwa tiketi moja, ile inayolipa zikiingia zote. Kumi na moja zikaingia, ya mwisho ikaniharibia katika dakika za nyongeza. Sikulala. Asubuhi nikacheza pesa ya patroni. Sasa nina deni lake la siku sita, nina deni la shemeji, na bibi anadhani pikipiki ilikuwa gereji. Nimeapa mbele ya Mungu mara nne. Kinachonishangaza, Mama, ni kwamba hata sifurahi tena. Mpira wenyewe siutazami, ninatazama tiketi. Kwa nini ninataka kitu ambacho hakinipendezi? Nitaachaje?*
*Kijana wa Katuba*

Mwanangu, kwanza ujue unamwandikia nani. Nilivaa koti jeupe la uuguzi miaka 31, na kwa miaka tisa kati ya hiyo mfuko wa kulia wa koti hilo ulikuwa na pemba. Wanawake wanaosoma hapa wameshaelewa. Ninyi wanaume niwaeleze: ni ule udongo mweupe tunaoula tukiwa na mimba, unaouzwa kwa vifungu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, karibu na samaki wakavu. Nilianza na mimba ya mtoto wangu wa pili. Mtoto akazaliwa, akaacha ziwa, akaingia shule, mimi bado natafuna. Asubuhi nilikuwa nawafundisha akina mama kwamba udongo unafunga tumbo, unaleta minyoo, unazuia madini ya chuma yasiingie kwenye damu, na kwamba udongo wa mji kama wetu, uliovuta moshi wa shaba karibu miaka mia, si wa kutia mdomoni. Saa nane mchana ungenikuta kwenye chumba cha dawa nimegeukia ukuta, nasikiliza ule mlio wa kitu kikavu kinachovunjika kati ya meno. Kwa hiyo matusi usiyatarajie kwangu.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niitoe barua yako kwanza. Kwa nini unataka kitu kisichokupendeza? Watu hudhani kutaka na kufurahia ni kitu kimoja: napenda, ndiyo maana nataka. Sivyo. Kent Berridge, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, alifanya kazi na panya walioondolewa dopamini, kile kikemikali cha ubongo ambacho siku hizi kila mtu anakitaja redioni. Panya wale hawakuinuka kwenda kula. Wangekufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini ukiwadondoshea sukari mdomoni, walilamba midomo kwa raha ile ile ya panya mzima. Raha ilikuwepo. Kilichokufa ni kutaka. Kumbe ndani ya kichwa kuna nyumba mbili, na mtu anaweza kuhama moja akabaki amefungiwa katika nyingine. Wewe umekuwa panya yule aliyegeuzwa: kutaka kumevimba, kufurahia kumekauka. Hata mimi pemba ya mwaka wa tisa haikuwa tamu. Ilikuwa lazima.

Mwingine ni Wolfram Schultz. Alipokuwa Fribourg, Uswisi, alisikiliza seli za dopamini ndani ya ubongo wa nyani. Nyani akipata tone la maji ya matunda bila kutegemea, seli zinalia. Baadaye akawashiwa taa kabla ya tone. Siku chache, seli zikaacha kulilia tone, zikaanza kuililia taa. Na taa ikiwaka halafu tone lisije, zinanyamaza chini ya kawaida yao. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaonyesha jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: taa inayoleta tone kila mara, wakati wa kungoja seli ziko kimya, taa isiyoleta kabisa, kimya pia, lakini taa inayoleta tone mara moja kati ya mbili, seli zinapandisha sauti muda wote wa kungoja. Ubongo hauimbi kwa sababu umepata. Unaimba kwa sababu haujui.

Sasa nitazamie maisha yako, mwanangu. Unaamka saa kumi na moja, unakaa parkingi, hujui mteja wa kwanza atakuwa wa franka 1 000 kwenda hapo karibu au mwenye mizigo anayekwenda Ruashi. Siku nzima unaishi kwenye taa isiyo na hakika. Mwalimu anayejua mshahara wake hata kama ni mdogo (na hata kama unachelewa, walimu mnisamehe) hajafundishwa mchezo huo kama wewe. Ndivyo walivyo pia wachimbaji wanaoingia shimoni wakifuata mshipa wa jiwe: leo vumbi, kesho labda. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu wazungu walifuata shaba ya mgodi wa Kalukuluku. Tumezaliwa ndani ya "labda". Wenye pari hawakukuletea ugonjwa mpya. Walikuta mlango uko wazi wakaingia.

Na ile tiketi ya kumi na moja kati ya kumi na mbili iliyokunyima usingizi, chukua kalamu tuihesabu. Tuseme wewe ni mjuzi, kila mechi unayochagua ina nafasi sita kati ya kumi ya kuingia. Ukizidisha hiyo sita kati ya kumi (0,6) yenyewe kwa yenyewe kwa mechi zote kumi na mbili, nafasi ya zote kuingia ni kama mbili kati ya elfu moja. Ukicheza tiketi moja kila siku, unangoja kwa wastani siku 459, zaidi ya mwaka na miezi mitatu, ili upate moja. Hilo huenda ulilijua. Usilolijua ni hili: kwa nafasi hizo hizo, kukosa kwa mechi moja tu hutokea mara nane zaidi kuliko kupata zote. Mara nane! Yaani tiketi ndefu imetengenezwa ikupe "karibu" nyingi kwa kila "nimepata" moja. Wewe uliisoma ile kumi na moja kama barua kwamba bahati iko njiani. Ilikuwa tiketi iliyokufa kama nyingine zote. Katika mpira, kugonga mwamba ni dalili kwamba mpigaji anajua kulenga. Katika pari, hakuna unachojifunza kwa kugonga mwamba. Lakini ubongo hautofautishi, unakuamsha asubuhi urudi kupiga.

Kuna watakaosema: Mama Régine anamtetea, huu ni uvivu na tamaa tu. Nitawajibu kwa kitu cha kazini. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, una dawa zinazoiga dopamini. Baadhi ya wagonjwa, wazee wa hesabu ambao maisha yao yote hawakupoteza hata franka moja, walipopewa dawa hizo wakaanza kamari, wakamaliza akiba. Dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa, wengi wao waliacha. Tabia yao haikuwa imeoza. Kilichosogezwa ni kikemikali. Toka mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameiweka kamari ya namna hii katika kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Pamoja na hayo, mwanangu, pesa ya patroni ni ya patroni. Kuelewa moto ulivyoanza hakulipi nyumba iliyoungua.

Basi, kuacha. Kwanza, usiape tena. Umeapa mara nne, na kila mara ulikuwa umetoka kupoteza, umechoka, umejichukia, tamaa imelala. Mtu aliyeshiba bukari (ugali) anaweza kuapa kwamba kesho hali. Anayevunja kiapo si yule aliyeapa, ni yule wa saa kumi jioni mwenye franka 20 000 mfukoni. Huyo wa saa kumi ndiye tunayetaka kumpangia, na tumpangie mapema, kabla hajafika.

Wakati wa vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani walizoea heroini kule. Serikali yao iliogopa: vijana hawa wakirudi itakuwaje? Mtafiti Lee Robins akawafuatilia baada ya kurudi, na wengi mno wakawa wameacha. Waliorudi kwenye uraibu mwaka wa kwanza walikuwa wachache sana. Kilichobadilika ni joto, rafiki, njia, uchovu, harufu, kila kitu kilichowaambia "sasa". Soma tena habari ya taa ya nyani utaelewa.

Mimi nilijaribu kuzuia mdomo mwaka mzima, nikashindwa. Kisha mwenzangu wa zamu, mama mmoja mkali ambaye Mungu amemchukua, akaniuliza: "Unanunua wapi, na siku gani?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikagundua nanunua Jumanne na Ijumaa tu, siku nilizopitia Kenya kutafuta mboga. Nikaanza kununua mboga kwa mwanamke mwingine huku Kamalondo, bei ghali kidogo. Nikampa mwenzangu ufunguo wa droo yangu. Nikapimwa damu, ikaonekana imepungua mno, nikameza vidonge vya chuma miezi mitatu. Maana hamu ya udongo mara nyingi inatembea pamoja na upungufu huo, na mwanamke yeyote anayesoma hapa huku akitafuna aende apimwe kwanza, habari ya aibu baadaye. Nilipozuia mguu, mdomo ulinyamaza ndani ya wiki tatu.

Wewe mguu wako ni upi? Nimefikiri hivi, utarekebisha unavyojua. Hama parkingi. Si kwa sababu marafiki zako ni wabaya. Kwa sababu ndipo tiketi zinaposomwa kwa sauti. Utapoteza wateja wa kawaida wiki mbili, utawapata wengine. Pesa ya patroni usiibebe mpaka jioni: mwombe umpelekee nusu saa sita mchana, nusu jioni. Mwambie sababu yoyote ya kweli unayoweza kuisema. Patroni akiona pesa mara mbili kwa siku hatauliza sana. Kinachobaki, kila jioni kabla ya kuvua viatu, franka fulani ziingie likelemba ya bibi yako, ule mchango wa kupokezana kwa zamu. Likelemba ina kitu ambacho nia yako haina: wanawake tisa wanaokungoja mlangoni.

Pari ya kwenye telefone ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu njia hiyo huwezi kuihama, iko mfukoni. Futa akaunti, na namba ya siri ya pesa za telefone aibadilishe bibi yako, abaki nayo yeye. Utaona haya kumwomba akutumie hata pesa ya mafuta. Hayo haya yana kazi yake.

Ndiyo, nimesema bibi yako. Itabidi umwambie. Na hadithi ya gereji, mwanangu, mimi ni mwanamke, niamini: haamini. Anajua kuna kitu, anadhani ni mwanamke mwingine. Ukimwambia ni tiketi atalia, atakasirika, na nusu ya roho yake itapumua. Nenda na hesabu mkononi, usiende na machozi. Siku sita za patroni ni franka 90 000. Ukimwongezea 3 000 kila siku juu ya ile 15 000, siku thelathini umemaliza. Kwa shemeji omba asubiri mwezi huo, kisha uanze kwake. Deni lililogawanywa ni kazi. Deni lisilogawanywa ndilo linalokurudisha kwenye dirisha la pari ukifikiri tiketi moja itamaliza yote.

Hamu itakuja hata hivyo. Ikija, usibishane nayo, ukibishana inakaa kuzungumza. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha wagonjwa wake kuitazama kama wimbi: inapanda, inafika juu, inavunjika yenyewe, na mara nyingi haimalizi nusu saa kama hukuilisha. Watu wengi hawajawahi kuona hamu yao ikifa kwa sababu hawajawahi kuingoja. Tazama saa. Washa pikipiki, chukua mteja hata wa bei ndogo, uende upande ambao hauna madirisha ya pari. Mimi nilikuwa nakaanga karanga. Mpaka ziive na zipoe, jambo limepita, na meno yamepata cha kuvunja.

Utaanguka, labda. Mimi nilianguka baada ya miezi mitano, kwenye kilio cha mama yangu mzazi. Nilikula vifungu viwili usiku mmoja nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya mawe ya jiko. Hatari ya usiku ule haikuwa vile viwili, ilikuwa sauti iliyosema "basi imeshaharibika, endelea". Asubuhi nilimwambia yule mwenzangu kabla ya kumwamkia. Hakunihubiria. Alisema, "Ijumaa usipite Kenya." Kwa hiyo ukicheza siku moja, simu ya kwanza iwe kwa mtu, isiwe kwa tiketi ya kurudisha iliyopotea.

Kuombewa nenda, mimi pia nilienda. Lakini ukitoka kanisani usirudi kwa njia ile ile inayopita dirishani. Na ikiwa usiku mawazo yanafika mahali pa kusema afadhali nife, usingoje jibu la gazeti. Mwamshe bibi, au kaka yako, na asubuhi nendeni pamoja kituo cha afya.

Jambo la mwisho kwako. Tarehe 14 Disemba 2010 Mazembe, timu yetu ya hapa Lubumbashi, waliifunga Internacional ya Brazil mbili kwa sifuri kule Abu Dhabi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya klabu za dunia. Ulikuwa mtoto, unakumbuka. Kidiaba, kipa wetu, alirukaruka kwa makalio uwanjani, na hapa Kamalondo watu wazima, mimi na koti langu la kazi, tuliruka hivyo hivyo barabarani kwenye vumbi. Siku nne baadaye Inter ya Milan, Italia, wakatufunga tatu, tukalia. Hakuna niliyemjua aliyekuwa na tiketi mfukoni, na furaha ya mpira ule bado ninayo. Miezi mitatu ya kwanza usitazame mechi yoyote. Baada ya hapo nenda uwanjani na mtoto wako mkubwa, ulipe kiingilio, uone kama kufurahia kumerudi. Kunachelewa. Kwangu ladha ya chakula cha kawaida ilirudi kama mwezi wa nne. Na mvua ya kwanza ikipiga vumbi baada ya kiangazi, mate bado yananijaa mdomoni, mwanamke wa miaka 66. Nafunga dirisha, nakaanga karanga.

*Mama Régine, mimi ni mama wa Ruashi, nina kazi yangu nzuri ya kuuza unga. Jana niliisafisha sanduku nikahesabu bikwembe (vitenge) 43, na 19 havijawahi kushonwa. Nina deni la vitatu vya mwisho. Kila kikitoka kipya naona kama nikikikosa nitakufa, nikifika nacho nyumbani nakifunga sandukuni. Bwana yangu anasema nimerogwa. Je, kuna mwisho wa kutaka?*

Mama wa Ruashi, hujarogwa, umetegewa. Jicho letu linazoea upesi. Kikwembe ni kipya mpaka kifike nyumbani, kikishaingia sandukuni ni cha arobaini na tatu. Kiwanda kinalijua hilo zamani kuliko sisi. Vlisco ya Helmond, Uholanzi, imekuwepo tangu mwaka 1846, na haijaishi miaka yote hiyo kwa kutuuzia ua moja. Wao wanachora, majina tunayapa sisi wanawake sokoni, na tukishakipa jina, aliyekikosa anaonekana hajasikia habari. Ndiyo maana unaona utakufa. Unachoogopa kukosa ni mazungumzo, wala si kitambaa.

Nakuomba uvitenganishe. Bikwembe vya ndoa na vya kilio, vile vya kufanana na familia nzima, hiyo ni kodi ya kuishi na watu, lipa bila kujilaumu. Vilivyobaki ndivyo vyako wewe na sanduku. Sheria yangu, na ninaitumia mwenyewe: hakiingii kipya mpaka cha zamani kimoja kimetoka kwa mshonaji kikavaliwa Jumapili. Kwa vile 19 na fundi wa mtaani mwenye ahadi zake, huo ni mwaka na kitu. Ukiona huwezi kukishona, basi hukukitaka. Kiuze, anza na vile vya deni. Na yule mwanamke anayekuletea mzigo mlangoni kwa mkopo (kila mtaa unaye, wangu anacheka vizuri sana) mwambie aje siku ya likelemba tu, na ununue kwa pesa iliyo mkononi. Mkopo ndio unaofanya kitu kionekane bure kwa dakika kumi, na dakika hizo kumi zinamtosha.

Uliuliza kama kutaka kuna mwisho. Mimi sijaona mwisho wake kwa mtu yeyote aliye hai, na mwanamke anayeuza unga asiyetaka chochote asingeamka saa kumi usiku. Taka unga zaidi. Taka duka la pili. Kutaka huko ukikufuata kunakulipa, kule kwa sandukuni kunakudai.

Bwana yako mwambie vyake pia tuvihesabu. Redio zilizokufa ngapi ziko chini ya kitanda?

*Mama, mimi ni mzee wa miaka 58, Kampemba. Ninakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, miaka mingi. Sasa inaanza mapema, maana asubuhi mikono inatetemeka mpaka nipate glasi ya kwanza. Binti yangu anaolewa Agosti. Nimeamua: Jumatatu ninaacha, siku moja, kama mwanaume, bila kumwambia mtu. Niombee.*

Papa, nitakuombea, lakini Jumatatu usifanye hivyo.

Haya niliyomwambia yule kijana ya kukata na kungoja wimbi livunjike, kwako hayafai, na ningekuwa muuguzi mbaya kama ningeyaacha uyasome bila kukuonya. Pari ukiiacha ghafla unapata hasira na kukosa usingizi. Pombe kali, kwa mtu ambaye mikono yake inatetemeka asubuhi mpaka anywe, mwili umeshajipanga juu yake. Ukiitoa kwa mara moja mwili unalipuka. Nimewaona. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaweweseka, wanaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakimbia, na wapo waliokufa hivyo wakiwa wamefungiwa chumbani, familia ikidhani ni pepo linatoka. Walikuwa wanaume wenye nia, Papa. Nia haikuwa shida yao.

Hospitalini kuna dawa za kukushusha polepole siku chache hizo, na watakupa vitamini B1, maana pombe ya miaka inaimaliza na ubongo unaumia bila hiyo. Mpaka ufike huko usijikate ghafla. Agosti iko mbali ya kutosha. Nenda Jumatatu hiyo hiyo uliyoichagua, na usiende peke yako. Mchukue huyo binti anayeolewa, nina hakika anajua zaidi ya unavyofikiri. Daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani usipunguze kwa aibu. Chukua ile chupa na ile glasi unayotumia, uziweke juu ya meza yake, umwonyeshe kwa kidole zinafika wapi asubuhi na zinafika wapi jioni.